Maji ya kunywa uwandani Makonde: kuchemsha, vidonge vya klorini au kuanika juani? Na mtoto akihara tumpe nini?

MamaTandahimba

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu wanaoishi katika mazingira yanayofanana na ya kwetu, kwa sababu maelezo mengi ninayoyasoma yameandikwa kwa ajili ya nyumba yenye bomba uani. Sisi tunakaa kijijini, juu ya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ambako mvua huzama mchangani na vijito ni vya kutafuta. Tunategemea tangi la saruji lililochimbwa ardhini ambalo hukinga maji ya paa, na likikauka kabla ya mvua za mwishoni mwa mwaka tunanunua maji ya madumu bila kujua yametekwa wapi. Nina watoto wawili walio chini ya miaka mitano, na mvua zinapoanza hakukosi mmoja wao kuharisha.

Mume wangu anataka tuchemshe maji yote ya kunywa. Wifi yangu aliyeko Lindi mjini hutumia vidonge vya klorini na anasema kuchemsha ni kujitesa. Mhudumu wa afya wa kijiji naye alitueleza habari ya kuyaanika maji juani katika chupa. Naomba mnilinganishie njia hizo kwa gharama, kwa kazi na kwa usalama. Jambo la pili ni mtoto anapokwisha kuanza kuhara: kati ya ORS ya pakiti (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), mchanganyiko wa sukari na chumvi, na maji ya dafu, kipi kitangulie? Mama mkwe wangu anasisitiza majani ya mpera, nami sipendi kumpinga mzazi bila kuwa na hoja mkononi.

Mzee wa Mikindani

Mama Tandahimba, pokea salamu. Mimi nasimama na mumeo. Moto huua bakteria, virusi na vimelea vinavyoleta kuhara, hata vile vyenye ganda gumu ambavyo klorini haiviwezi, tena hufanya kazi yake hata kama maji hayakutakata sawasawa. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha kwa mahali petu. Dakika 3 ni kwa wale wanaoishi kwenye milima inayozidi mita 2,000, na uwanda wenu uko chini sana ya hapo. Wanaoacha sufuria itokote robo saa nzima wanateketeza kuni bure, kisha wanalalamika kwamba kuchemsha ni ghali.

Kwenu huko mikorosho ikipogolewa, matawi yake ni kuni za kutosha kwa muda. Ladha ya moshi huondoka ukifunika sufuria vizuri, na maji yaliyopooza ladha hurudi hali yake ukiyamimina mara kadhaa kutoka chombo kimoja hadi kingine, ilimradi vyombo hivyo viwe safi.

FundiNdoo

Shikamoo, mzee wangu. Kuhusu nguvu ya moto sina ubishi, ila naona umeruka sehemu ambayo ndiyo huwaponza wengi, nayo ni yale yanayotokea baada ya maji kupoa. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote ndani yake. Yakimwagwa mtungini, mtoto akachota kwa kata iliyokuwa imelala sakafuni, au akazamisha kikombe pamoja na vidole, uchafu huingia upya na hakuna cha kuuzuia. Klorini hubaki ndani ya maji ikiendelea kuua vijidudu vinavyoingia baadaye, na kwa nyumba yenye watoto wadogo hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwa vidonge vya miligramu 67, kidonge kimoja ni kwa lita 20 za maji yaliyotakata, yaani ile ndoo kubwa tunayoijua sote. Unakitumbukiza, unafunika, unasubiri dakika 30, kisha unakoroga na kutumia. Kuna vidonge vya ukubwa mwingine pia, kwa hiyo soma maandishi ya pakiti kabla ya kufuata mazoea ya jirani. Maji yakiwa na tope, klorini huishia kwenye tope lenyewe kabla ya kuwafikia wadudu. Hapo unayaacha yatuame, unayachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo unaweka dawa, na pakiti nyingi huelekeza kuongeza kipimo kwa maji ya namna hiyo.

Halafu chombo. Ninayo heshima kwa mtungi wa udongo, hakuna friji linalolingana na maji yake siku ya jua kali, lakini udongo huipunguza klorini haraka. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki chini ndiyo inayofaa, kwa kuwa hakuna mkono unaoingia ndani. Fundi yeyote wa mabomba atakutobolea ndoo na kukufungia koki.

Kuhusu tangi lako: mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie kabisa. Hiyo ndiyo inayosafisha paa, ikibeba vumbi na vinyesi vya ndege na mijusi. Weka bomba la mfereji kwa namna ya kuweza kuligeuza, maji ya mwanzo yamwagike nje, kisha ulirudishe. Mfuniko wa tangi uwe mzima, na ndoo ya kutekea iwe moja, isiyolazwa chini. Nashuku kwamba kuhara kwa watoto mvua zinapoanza kunahusiana na hapo, ingawa bila kuliona tangi siwezi kuapa.

Mwalimu_Lindi

Njia ya jua ni ya kweli, ila ina masharti. Chupa iwe ya plastiki angavu isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isiyozidi lita 2, na maji yawe meupe kiasi kwamba ukiisimamisha chupa juu ya maandishi unayasoma kupitia ndani yake. Ilazwe juu ya bati kwa saa 6 za jua kamili. Kukiwa na mawingu zaidi ya nusu ya anga, siku mbili mfululizo. Gharama yake ni ndogo kuliko zote. Kasoro yake ni kwamba msimu ambao watoto huhara zaidi ndio huohuo ambao jua halionekani, na kuijazia chupa familia ya watu sita kila siku ni kazi. Mimi ningeiweka kama akiba ya kiangazi, vidonge vikikosekana dukani.

BintiMtama

Kwetu bibi hutwanga mbegu za mlonge na kuzitia kwenye maji ya tope, na kweli yanatakata. Je, mtu akishafanya hivyo bado anahitaji dawa?

FundiNdoo

Ndiyo, dada yangu, anahitaji. Mbegu za mlonge hukusanya tope na kulizamisha chini, na wadudu wengi huzama nalo, lakini si wote. Zitumie kama hatua ya kwanza mahali pa kuchuja, kisha weka klorini au chemsha. Maji hayo yasikae zaidi ya siku moja bila kutibiwa, kwa sababu mabaki ya mbegu huoza.

Tabibu_Masasi

Mama Tandahimba, kuhusu maji waliotangulia wamesema vya kutosha, nami nitaongeza neno moja tu: maji safi peke yake hayatamaliza kuhara kama mikono haioshwi kwa sabuni, au kwa majivu pale sabuni isipokuwepo, baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kushika chakula. Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloning'inizwa, kando ya choo hakigharimu zaidi ya dumu dogo, kamba na mti. Pia hakikisha kadi za kliniki zinaonyesha chanjo ya rota, yaani ya kirusi kinachowaharisha sana watoto, ambayo nchini kwetu imo katika ratiba ya kawaida tangu 2013 na huanza mtoto akiwa na wiki 6.

Sasa nije kwa mtoto anayehara. Kinachoua katika kuhara kwa kawaida ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, kwa hiyo swali la kila tiba ni moja: inarudisha vilivyopotea au hairudishi? ORS ya pakiti ndiyo ya kwanza, kwa sababu vipimo vyake vimepangwa. Katika utumbo, sukari na chumvi hupita pamoja na kuvuta maji kuingia mwilini, hata wakati utumbo unaumwa. Chumvi bila sukari haipiti vizuri, na sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye soda na juisi za dukani, huvuta maji kuelekea utumboni na kuhara kukaongezeka. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon mpakani mwa India, daktari Dilip Mahalanabis alikabiliana na kipindupindu huku dripu zikiwa zimeisha. Akawapa wagonjwa maji haya ya kunywa, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Wanaoidharau ORS kwa kuwa haina sindano wangefaa kulikumbuka hilo.

Pakiti moja ya kawaida ni kwa lita 1 ya maji safi. Hapa ndipo ninapoona matatizo zaidi, kwa maana chupa iliyozoeleka majumbani ni ya lita 1 na nusu, na nyingine ni ya nusu lita. Pakiti ikimalizwa kwenye nusu lita, chumvi huwa nyingi mno kwa mtoto. Ikitiwa kwenye lita 1 na nusu, inakuwa hafifu. Chupa ndogo mbili zilizojaa ndizo lita 1. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, na wa miaka miwili na zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kwa kikombe, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida, na anayekula asinyimwe chakula.

Mchanganyiko wa nyumbani ni wa pili, unaposubiri mtu arudi na pakiti: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu kwa upande wa kisu, katika lita 1 ya maji safi. Onja kabla ya kumpa. Ukiona chumvi inazidi ile ya machozi, mwaga uanze upya. Uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi kidogo nao unafaa.

Dafu ni la tatu. Lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake, ile iliyomo kwenye chumvi, ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea zaidi kwa mtu anayehara. Mpe kama nyongeza, lisichukue nafasi ya ORS. Majani ya mpera hayarudishi maji wala chumvi, na kwa mtoto mdogo siyashauri. Mama mkwe unaweza kumwambia kwa heshima kwamba kinachohitajika kwanza ni kurudisha maji, naye mwenyewe akamshikia mjukuu kikombe. Bibi mwenye subira ya kunywesha kijiko baada ya kijiko ni msaada kuliko dawa nyingi.

Pamoja na ORS, mtoto apate zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Vidonge hivyo hupatikana zahanati na katika maduka ya dawa muhimu. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto, na antibiotiki zisinunuliwe kwa kubahatisha, kwa sababu kuhara kwingi kwa maji hakuzihitaji.

Usibaki nyumbani hata kidogo iwapo mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, amepata degedege, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, au kuna damu kwenye choo. Kinyesi kikiwa kama maji yaliyooshea mchele na kinamiminika mfululizo, ni safari ya mara moja kwa mtu wa umri wowote, huku akinywa ORS njiani. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, kwani katika mikoa yetu homa na kuhara huja pamoja mara nyingi.

BintiMtama

Nishukuru kwa jibu, Tabibu. Ungewakumbusha pia kuhusu meno ya plastiki. Bado kuna majirani wanaoamini kwamba mtoto anayehara na kuwa na homa ana meno hayo, kisha fizi zinachokolewa.

Tabibu_Masasi

Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Kinachong'olewa ni jino changa la kawaida, na mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji huongezewa jeraha, kutokwa damu na hatari ya maambukizi, huku saa za kumpeleka zahanati zikipotea. Kuota meno nako hakusababishi kuhara kwa maji. Umri huo ndio mtoto anaotambaa na kutia kila kitu kinywani.

MamaTandahimba

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa wazee. Tumekubaliana na baba watoto hivi: vidonge na ndoo yenye koki kwa matumizi ya kila siku, na kuchemsha kwa mtoto mdogo au pale maji ya kununua yanapokuwa na mashaka. Mfereji wa tangi utarekebishwa kabla ya mvua. Limebaki swali dogo: kuhara kukikoma siku ya tatu, zinki inaachwa? Na ORS iliyobaki nayo?

Tabibu_Masasi

Zinki isiachwe, maliza siku 10 angalau, hata mtoto akionekana mzima kabisa, kwa sababu hupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. ORS iliyokwisha kuchanganywa hutumika ndani ya saa 24 ikiwa imefunikwa, na inayobaki humwagwa. Pakiti ambazo hazijafunguliwa ziweke pakavu, mbali na jiko, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya msimu wa mvua kuanza.