Naomba ushauri: watafiti wanataka mbegu zetu za kunde, tusaini?

Habari zenu ndugu. Niko Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, ni katibu wa kikundi cha wakulima. Watafiti wa chuo kimoja cha Ulaya, wakishirikiana na chuo cha hapa Uganda, wanaomba mbegu zetu za kunde za asili na ekari moja ya majaribio kwa misimu miwili.

Jambo lenyewe ni jema, mvua siku hizi haieleweki. Lakini karatasi waliyoleta haisemi mbegu zikishavuka mpaka zitakuwa za nani, wala kama tutaletewa matokeo. Wengine waliwahi kuja, wakapima udongo, wakatuhoji siku nzima, hatukuwasikia tena. Bado linaniuma, maana mimi ndiye niliyewashawishi kina mama waache palizi zao.

Najua kanuni za Uganda za mwaka 2005 kuhusu kuchukua mbegu na viumbe vingine kwa utafiti zinadai ridhaa yetu kwanza na mkataba wa kuhamisha sampuli, na kwamba Uganda imo katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana kwa haki manufaa yanayotokana na rasilimali hizo. Aliyepitia haya anisaidie: tudai nini kiandikwe? Tuombe kwanza nakala ya kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia? Wanarudi Jumatatu.