Tupeane uzoefu: leseni ya Windows kwenye kompyuta ya nyumbani, unaitunza vipi?

#1
Wakuu, yale maandishi hafifu ya kudai leseni kwenye kona ya chini kulia hutokea siku diski imeshafutwa na stika yenye ufunguo (namba ya leseni) imeshachubuka. Tupeane mbinu kabla mambo hayajaharibika.

Naanza. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika slmgr /dli. Nakili vitu viwili: aina ya leseni na herufi 5 za mwisho za ufunguo. Ikisema OEM (iliyokuja na kompyuta toka kiwandani), leseni imefungwa na mazabodi (bodi kuu) iliyokuja nayo. Ikifa mazabodi, imekwenda nayo. RETAIL (iliyonunuliwa peke yake) unaweza kuhama nayo, ila kwa kompyuta moja kwa wakati mmoja.

#2
Ongeza VOLUME_KMSCLIENT. Hiyo ni ya maofisini, nyumbani haina kazi. Seva ya KMS (ya ofisi, inayozipa leseni kompyuta zake) haianzi kuaktiveti (kuidhinisha) Windows mpaka kompyuta zifike 25, na kila moja hupewa siku 180 tu. Andika slmgr /xpr: ikikutajia tarehe ya kuisha, umewekewa leseni isiyo yako. Ya kudumu haina tarehe.

#3
Naunga mkono. Na ukiambiwa uzime antivairasi kwanza ndipo Windows "iaktivetiwe", kataa hapo hapo.

#4
Kwa wenye stika zilizofutika: ufunguo una herufi na tarakimu 25, mafungu matano ya tano tano. Hautumii 0, 1 wala 5, wala A, E, I, L, O, S, U, Z. Kwa hiyo unachokiona kama sifuri ni D au Q, na kinachofanana na 5 jaribu G au 6. Herufi N ilianza kutumika kwenye funguo za Windows 8. Kwenye stika ya Windows 7 usiihesabu, soma M au H. Sumbuko kubwa ni B na 8, maana zote zinaruhusiwa. Piga picha ukiwasha tochi kwa pembeni, usiimulike stika moja kwa moja.

#5
Mkuu, stika ni za zamani. Laptopu zilizotoka na Windows 8 (2012) na kuendelea, ufunguo umeandikwa ndani ya BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta), kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Fungua PowerShell (dirisha jingine la amri) uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikirudi tupu, hakuna ufunguo ndani ya BIOS. Msihangaike na wmic, amri ya zamani ya kazi hiyo hiyo, kwenye Windows 11 24H2 (toleo la 2024) haiji ikiwa tayari.

#6
Na programu za kupakua za kusoma ufunguo zinapotosha watu. Ukiona unaishia na 3V66T (toleo la Pro) au 8HVX7 (toleo la Home), huo ni ufunguo wa jumla, wanao mamilioni ya watu. Kama Windows imeshaaktivetiwa, maana yake una leseni ya kidijitali iliyoko kwenye seva za Microsoft. Kuuandika kwenye daftari hakukusaidii chochote. Cha kufanya ni kuunganisha leseni na akaunti ya Microsoft.

#7
Ukitaka kuhamisha RETAIL, kwenye kompyuta ya zamani andika slmgr /upk, ufunguo unaachiwa, unautumia kwingine. Rahisi.

#8
Hapana #7, usiwadanganye watu. /upk inauondoa kwenye ile kompyuta tu, seva ya Microsoft haipewi taarifa yoyote. Fanya hivyo ndiyo, ila kwenye kompyuta mpya bado unaweza kukutana na 0xC004C008, yaani ufunguo umetumika kupita kiasi. Hapo ni kuwasiliana na Microsoft. 0xC004C003 ni habari nyingine: ufunguo umezuiwa, na ndilo jibu la kawaida kwa funguo za bei ya kutupa.

#9
Mmesahau balaa lenyewe: kubadilisha mazabodi. Kubadilisha diski au RAM si tatizo. Ukisakinisha upya ruka hatua ya ufunguo, chagua toleo lile lile, ungana na intaneti, inajiaktiveti. Mazabodi ikibadilika unapata kosa 0xC004F211. Kama leseni iliunganishwa na akaunti KABLA, unaingia sehemu ya uaktivetishaji, unafungua kitatuzi, unasema umebadilisha vifaa, unachagua jina la kompyuta ya zamani kwenye orodha. Kwa hiyo ipe kompyuta jina linaloeleweka mapema. Leseni ya Home haiaktiveti Pro, na OEM mara nyingi inakataliwa.

Lakini kabla hujafika huko skrini ya bluu inakudai namba yenye tarakimu 48. Hiyo si leseni, ni ya BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa usimbaji ili asiye na namba asisome mafaili. Ukisakinisha Windows 11 24H2 upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, usimbaji wa diski hujiwasha wenyewe kwenye kompyuta zinazokidhi vigezo, hata za Home. Chipu ya TPM (inayotunza funguo za usimbaji) ikibadilika, diski haifunguki bila namba hiyo. Leseni utanunua nyingine. Picha za familia huzipati tena. Kabla ya kushika bisibisi: manage-bde -protectors -get C: na unakili tarakimu zote 48, nje ya kompyuta hiyo.

#10
Aisee, hii ndiyo ingekuwa mada. Leseni tuiweke kando kwanza!

#11
Kusimamisha BitLocker kunatosha: manage-bde -protectors -disable C:

#12
Kunatosha ukisasisha BIOS. Ulinzi unaweza kurudi wenyewe baada ya kuwasha mara moja, na ukibadilisha mazabodi utawasha zaidi ya mara moja. Ondoa usimbaji kabisa kwa manage-bde -off C:, subiri manage-bde -status ioneshe asilimia 0, ndipo ufungue kasha.

#13
Chapisha kwenye karatasi, weka pamoja na vyeti.

#14
Karatasi inaloa. Weka kwenye programu ya kutunza nywila.

#15
Vyote viwili, na nakala kwenye akaunti ya Microsoft.

#16
Wakuu, nirudishe kwenye leseni. BIOS ina ufunguo wa Home, nimenunua Pro, flashi inasakinisha Home bila kuuliza. Nifanyeje?

#17
Tengeneza faili la ei.cfg ndani ya folda ya sources kwenye flashi, mistari sita:

[EditionID]
Professional
[Channel]
Retail
[VL]
0

Hakikisha halijawa ei.cfg.txt. Au acha Home isakinishwe, kisha ingiza ufunguo wa Pro kwenye mipangilio. Itapanda yenyewe bila kufuta mafaili.