Injini ya boti ikiwa baridi inawaka, ikishika joto inagoma: tupeane uzoefu

Pipa la Grogan: Ndani ya pipa la maji la kujaribia hapa Kirinyaga Road, Nairobi, inawaka kwa mvuto mmoja. Ikifika Naivasha, ikizunguka nusu saa kisha ikazimwa, hairudi mpaka dakika arobaini zipite. Ni ya farasi 40, kabureta, ya kuchanganya petroli na oili. Plagi ni mpya, kabureta imeoshwa mara mbili, na CDI (kisanduku cha umeme wa cheche) nyingine imeshafungwa. Waliokutana na ugonjwa huu, ulikuwa nini? Msiseme CDI tena.

Spana 14: Inagoma vipi? Stata haizungushi, au inazungusha bila cheche, au cheche ipo na petroli haifiki? Hayo ni magonjwa matatu, na kipimo chake hufanywa injini ikiwa ya moto tu. Ikishapoa kila kitu kitasoma kizima, ndiyo maana watu hununua vipuri hovyo.

Beba spana ya plagi, kipima cheche, maltimita na kitambaa. Ikigoma tu, toa plagi. Imelowa: kabureta imefurika. Kavu: petroli haifiki. Kisha weka kipima cheche kwenye nafasi ya milimita 8 hivi na uzungushe. Cheche ya buluu inayolia "tak" haina neno. Ikiwa ya manjano na inakatika, shuku koili (inayozalisha umeme wa cheche) au waya. Kipima kishikwe kwenye chuma, mbali na matundu ya plagi, kwa sababu mvuke unaotoka mle unawaka.

Kilindini: Huku Mombasa joto ni kali kuliko lenu na mashine zinawaka. Shida yenu ni mafundi.

Spana 14: Shida yetu ni mwinuko, mzee. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,890 juu ya bahari. Maji yenyewe huko yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sembuse petroli. Ukizima injini, maji ya kupoza yanasimama papo hapo lakini chuma bado kina joto, na joto hilo linapanda kwenye pampu na kabureta. Robo saa ya kwanza chini ya kava ni pabaya kuliko wakati injini inatembea. Petroli inageuka mvuke ndani ya pampu, na pampu ya diaframu haiwezi kusukuma mapovu.

Dawa: vua kava ukishazima. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na mpira wa petroli. Simamisha balbu (pampu ya mkono kwenye mpira wa petroli), mshale wake ukiangalia juu, uiminye mpaka iwe ngumu. Choki (kibana hewa cha kabureta) usiiguse.

Nusu Kikombe: Choki nusu, kaka. Mimi nasema nusu.

Mama Jeti: Choki kwenye injini ya moto ndiyo inayofurisha! Kama plagi imelowa, fungua throttle (mkono wa kuongeza mwendo) mpaka mwisho bila choki, zungusha sekunde tano, pumzisha stata, rudia. Tena injini iliyowekewa jeti (vitundu vya petroli vya kabureta) za pwani huku juu hunywa petroli kupita kiasi, maana hewa ni nyepesi. Jedwali la jeti za mwinuko limo kwenye kitabu cha injini.

Ringi Kwanza: Pima kompreshini (mgandamizo wa silinda). Ikisoma 97 psi injini imekwisha, nunua ringi.

Mama Jeti: Haijaisha. Geji ya Nairobi husoma chini karibu moja ya tano. Injini ya 120 Mombasa hapa itakupa 97 hivi. Linganisha silinda kwa silinda, tofauti isizidi asilimia 10, halafu pima tena ikiwa ya moto. Ikishuka sana ikiwa ya moto, hapo ndipo uzungumze habari ya pistoni.

Ringi Kwanza: Sawa, lakini nimewaambia.

Dau la Karai: Mwagieni maji ndoo mbili, itawaka.

Spana 14: Na bloku ipasuke. KITAMBAA nimesema.

Crescent: Tanki mmelisahau. Kuna boti ya watu saba ilizimika karibu na Crescent Island saa kumi na moja jioni, viboko wakaibuka upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Nahodha anavuta kamba, anavuta, mkono unatoka damu. Mmoja akalia, mwingine akaanza kuimba pambio. Kiboko akapita chini ya boti, ikainuka kidogo! Mwishowe mtoto akauliza, "Hii skrubu ya kifuniko ni ya nini?" Ilikuwa ya hewa, imefungwa. Balbu imebonyea kama puto la juzi. Kufunguliwa tu, tanki likavuta pumzi, mvuto wa pili ikawaka. Joto lilisingiziwa.

Nusu Kikombe: Iliinuka kiasi gani?

Kilindini: Kiboko hawezi kuinua boti ya watu saba.

Crescent: Anapindua, wewe.

Dau la Karai: Na pambio lilikuwa gani?

Mama Jeti: Jameni, rudini kwenye tanki. Skrubu ikifungwa injini ikitembea, tanki linanyonywa. Ikifungwa tanki likiwa juani, linavimba na kusukuma petroli hadi kabureta ifurike. Boti ikisimama, chomoa mpira wa petroli upande wa injini.

Waya Mwekundu: Kwa wenye stata ya umeme: inapozungusha, pima kutoka nguzo chanya ya betri hadi bolti ya stata. Ukipata zaidi ya nusu volti, kebo au kiungo kimeoza. Pima na upande wa ethi (hasi). Koili nazo: shaba huongeza ukinzani kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Ikipanda kidogo ni kawaida. Ikikatika kabisa ikiwa ya moto, ndiyo hiyo.

Dau la Karai: Bebeni kasia.

Pipa la Grogan: Imepimwa ya moto. Cheche ya buluu, plagi kavu, skrubu wazi, balbu laini. Kitambaa na balbu, mvuto wa tatu ikawaka. CDI ya siku nne inauzwa, bei maelewano.

Spana 14: Usifunge kava bado. Kwa nini inapata joto kiasi hicho? Tazama mchirizi wa maji pembeni: ukiwa dhaifu, choma tundu kwa waya, kisha fungua impela (feni ya pampu ya maji), na uangalie magugu kwenye kichungi cha chini. Termostati (vali ya maji inayofunguka kwa joto) itie kwenye sufuria ya maji na kipimajoto. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 50 na 60, na namba huwa imegongwa juu yake. Na kwenye pipa hutaliona tatizo hili ukizima baada ya dakika tatu. Acha mpira wa bomba uendelee kujaza maji baridi, itembee dakika kumi, zima, kava likiwa limefungwa, subiri robo saa ndipo uvute.

Nusu Kikombe: Na choki?

Mama Jeti: Hapana.