Naombeni ushauri: barabara ya kuteremkia ufuoni karibu na mlango wa Mto Sabaki

Mwana wa Mambrui:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Ninaishi kaskazini ya mlango wa Mto Sabaki, karibu na Malindi. Mwekezaji mmoja anataka kufungua barabara itakayopenya kwenye matuta ya mchanga hadi ufuoni, pamoja na maegesho ya magari na vibanda vya vinywaji. Inapoishia ndipo shakwe, buabua na ndege wengine wa pwani hukusanyika maji yanapojaa. Naomba kujua njia iwe na upana gani ili ndege wasisumbuke. Jambo hili linaninyima usingizi.

Bamvua:
Ndugu, upana si hoja. Hoja ni mahali njia inapofungukia. Wengi wa ndege hawa hula maji yanapokupwa na tope likawa wazi, na yanapojaa hujibanza kwenye fungu la mchanga lililobaki kavu, wakingoja. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, fungu hilo huwa dogo mno. Mtu mmoja na mbwa wake wanatosha kulirusha kundi zima, na kila wakirushwa huchoma mafuta waliyojiwekea kwa safari, ambayo kwa baadhi yao ni ya kurudi hadi Siberia. Gari likifika mchangani, hata njia ya upana wa mkokoteni ni pana mno.

Mama Gongoni:
Mimi nitazungumzia Mida, kwa kuwa nilikaa huko miaka mingi. Pale hori la Mida, mkono wa bahari ulio kusini ya Malindi, kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na ada ya wageni husaidia kulipa karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na hori hilo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtoto wa jirani yangu alisomeshwa na mpango huo. Mgeni hutembea kwa miguu, huketi, hutazama na kuondoka, na yule ndege mla kaa anayezaliana Oman na Ghuba huendelea kula kaa wake. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba wanaotetea ndege hawataki vijana wapate riziki.

Mzee wa Jahazi:
Nimesoma yote hayo, lakini sijaona swali la kwanza likijibiwa. Ardhi inayopitiwa na njia hiyo ni ya nani? Tumeona pwani yetu ikikatwa vipande hadi wavuvi wakakosa pa kupandishia vyombo vyao, na kila mara mwenye kiwanja alijitokeza mwishoni.

Mwana wa Mambrui:
Mzee wangu, kiwanja ni cha familia yetu. Nimekwisha kupokea malipo ya awali ili njia ipite, na fedha hizo zimeezekea nyumba ya mama. Nisingekubali mimi, angekubali jirani, na mimi angalau najali. Isitoshe, mwekezaji ameahidi kuifunga njia katika msimu wa ndege.

Bamvua:
Msimu upi? Kaskazi ikivuma, ufuo hujaa ndege waliotoka Ulaya na Asia. Kusi ikiingia, wengi wao huondoka, na hapo hapo hufika maelfu ya wale ndege wadogo wa rangi ya udongo wanaozaliana Madagascar na kukamata wadudu hewani kama mbayuwayu. Mlango wa Sabaki ni miongoni mwa mahali panapojulikana sana kwa mikusanyiko yao. Ahadi ya kufunga njia msimu mmoja inaweza kutolewa tu na mtu ambaye hajakaa pale mwaka mzima.

Kigingi:
Mimi nina mashaka na kisa chenyewe. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma, kwa hiyo hakuna familia inayoweza kuuza njia ya kufika majini. Tena mradi kama huu unahitaji tathmini ya athari za mazingira na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na mwekezaji makini hatoi fedha kabla hajajua atajibiwa nini. Naona mwandishi ametumwa kupima upepo ili wajue ni hoja gani watakazokutana nazo.

Mama Gongoni:
Kama ni hivyo, basi tumewafundisha bure.

Mwana wa Mambrui:
Sikutumwa na mtu. Vigingi vyetu vya mpaka vinaishia nyuma ya matuta, na nilichokubali ni kupitisha watu juu ya kiwanja chetu tu. Fedha zilitolewa mapema kwa sababu walihitaji sahihi yangu kwenye fomu ya maoni ya majirani, ile inayoambatishwa na ripoti ya tathmini. Fomu inasema kwamba majirani hawajaona ndege wakitaga wala kupumzika mahali hapo. Niliambiwa ni utaratibu wa kawaida.

Kigingi:
Basi nimekuamini, na jambo ni zito kuliko ulivyolieleza mwanzo. Andika barua kwa NEMA wiki hii, useme kwamba maelezo ya fomu hiyo si ya kweli, na ueleze unachokiona maji yanapojaa. Ripoti ikitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini, mwananchi yeyote anaweza kutoa maoni. Leseni ikitolewa, kuna Baraza la Rufaa la Mazingira, ambalo rufaa yake hupelekwa ndani ya siku 60. Ibara ya 70 ya Katiba, inayohusu kwenda mahakamani kutetea mazingira, nayo haikudai uthibitishe kwamba wewe umepata hasara.

Mwana wa Mambrui:
Nikiandika, watanidai fedha, na paa haliwezi kurudishwa. Je, siwezi kuwaomba tu wasogeze njia upande wa Mambrui, mbali na mlango wa mto, na magari yaishie nyuma ya matuta?

Bamvua:
Hilo ni ombi zuri, na ungelitanguliza kabla ya kuuliza upana. Lakini liingie ndani ya barua hiyo hiyo, pamoja na ukweli kuhusu fomu.

Mzee wa Jahazi:
Mwanangu, mkataba uliotia sahihi unayo nakala yake? Ficha majina, kisha utuwekee hapa kifungu kinachotaja magari.