Tupeane uzoefu: ulimfundishaje mtoto kutoa namba kubwa mpaka "kukopa" kukamwingia?

Mama Junior (Moro)

Wakuu, habari za jioni. Naomba walimu na wazazi mnaokaa na watoto juu ya daftari la hesabu mnisaidie kwa yale mliyoyaona kwa macho yenu.

Mwanangu yuko darasa la nne. Juzi kaja na swali la 5,203 − 2,768. Kajibu 3,565, limewekewa kosa kwa kalamu nyekundu. Nikadhani hajui kutoa. Nikamwuliza: nane toa tatu? Tano. Sita toa sifuri? Sita. Saba toa mbili? Tano. Anajua vizuri kabisa. Ila katika kila nafasi alitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. "Mama, kwenye tatu huwezi kutoa nane, kwa hiyo nimegeuza."

Nikamwambia akope. Akakata ile 5 ya maelfu, akaandika 4, ile moja akaipeleka moja kwa moja kwenye mamoja, akaruka mamia na makumi kama vile hayapo. Nikamwuliza, hiyo moja uliyoichukua ni ngapi? Akaniangalia. "Si ni moja?"

Kwake 5 na 3 ni tarakimu mbili zilizokaa mstari mmoja. Kwamba moja ni elfu tano na nyingine ni tatu, hilo halijamwingia. Nyie mlipitaje hapa? Jibu sahihi ni 2,435, nalijua. Ninachotafuta ni njia ya kumfikisha huko.

Mwalimu wa Kijijini

Mama Junior, mwanao kafanya kosa ambalo nimeliona kila mwaka tangu nianze kushika chaki. Usimgombeze kabisa. Anafuata kanuni aliyojifunza akiwa darasa la kwanza, kwamba kikubwa hakitoki kwenye kidogo, na wakati ule ilimfaa.

Nilipopangiwa darasa la tatu nilikuwa na watoto 82 na abakasi moja yenye waya mmoja uliokatika. Nikawaambia kila mmoja alete vijiti kumi na vitatu, urefu wa kidole. Siku ya pili tukakaa chini ya mwembe tukaanza kufunga. Vijiti kumi, mpira mmoja: fungu. Mafungu kumi, kamba ya katani: bunda. Mabunda kumi yakaingia kwenye kiroba kimoja cha unga, nikakifunga mdomo. Juu ya kiroba nikaandika kwa mkaa: 1,000. Vilivyobaki vikawa akiba.

Nikamwita binti mmoja mbele nikamwambia, "Kwenye kiroba hiki nipe kijiti kimoja. Kiroba kisichanwe, fungu lisivunjwe ovyo." Akafungua kiroba, akatoa bunda moja. Akafungua kamba, akatoa fungu moja. Akavua mpira, akanipa kijiti kimoja. Darasa zima kimya. Nikauliza, kimebaki nini? Wakahesabu wenyewe: mabunda tisa kirobani, mafungu tisa chini, vijiti tisa mkononi mwake. 999.

Sikuwa nimeandika chochote ubaoni. Nilipoandika 1,000 − 1 na kukata sifuri zikawa tisa, mtoto wa nyuma alipaza sauti, "Mwalimu, hiyo ni kamba ya bunda!" Kuanzia siku hiyo kila mtu aliporuka nafasi nilimwuliza swali moja tu: umefungua nini? Hakuna aliyeweza kutoka kwenye kiroba hadi kwenye kijiti bila kupita kwenye bunda na fungu, kwa sababu mikono yake ilishapita njia hiyo.

Fanyeni hivyo nyumbani kwa njiti za kiberiti au mabua. Msiwahishe kalamu. Mimi nilikaa wiki mbili bila kuandika hesabu ya kutoa ubaoni, na mkaguzi wa ndani aliniuliza maswali, lakini wiki ya tatu tulikwenda mbio.

Baba Neema

Mwalimu, ubarikiwe. Mimi nilitumia hela za karatasi za boksi. Nilikata noti za 1,000 na "sarafu" za 100, 10 na 1, nikaziacha nje zile za 5,000, 2,000, 500, 200 na 50 kwa makusudi, maana zikiingia mpango wa kumi kumi unavurugika. Neema alikuwa muuza duka, mimi mteja ninayedai chenji.

Nitakachosisitiza ni neno. Neema aliniuliza, "Baba, mbona tunakopa kila siku na hatulipi?" Sikuwa na jibu, na nilipokaa kufikiri nikaona mtoto yuko sahihi. Hakuna mkopo hapo. Elfu moja imebadilishwa ikawa mia kumi, thamani ni ileile. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema "kuchenji". Anachenji elfu anapata mia kumi, anachenji mia anapata makumi kumi. Hilo analiona kila siku dukani kwa Mangi, halihitaji maelezo.

Bibi wa Tanga

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nilisoma shule miaka ya sitini, na sisi tulikuwa tunalipa! Tulifundishwa hivi: kopa kumi juu, lipa moja chini. Tarakimu ya juu ya jirani hatukuigusa, tuliongeza moja kwenye tarakimu ya chini. Hesabu zilitoka sawasawa na mpaka leo ndivyo ninavyopiga.

Nayasema haya kwa sababu nilimtia mjukuu wangu kwenye shida bila kujua. Alikuja likizo na swali la 642 − 278. Shuleni kafundishwa kupunguza juu, mimi nikamfundisha kulipa chini. Akafanya yote mawili kwa pamoja! Akapata 254, na jibu ni 364. Pungufu ni 110: kumi moja na mia moja, yaani kila mahali alipopunguza juu akalipa tena chini. Siku tatu nilidhani mtoto mzito, kumbe ni sisi watu wazima wawili tuliomvuta huku na huku. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kabla hujamfundisha mtoto nyumbani, mwambie kwanza akuonyeshe anavyofundishwa shuleni. Ukiwa na njia yako, ingoje mpaka ya mwalimu imkae.

Baba Neema

Shikamoo bibi. Hili la 110 sikuwahi kuliona hivyo. Kesho naenda kukagua makosa ya zamani ya Neema kwa jicho hilo.

Bibi wa Tanga

Marahaba mwanangu. Kagua, daftari halisemi uongo.

Msomaji wa Ilala

Fupi tu. Wa kwangu alikuwa anapanga namba kuanzia kushoto. 12,045 − 987, kaiweka 9 chini ya 1. Nililaza daftari la mistari upande, mistari ikawa nguzo zilizosimama, kila tarakimu nguzo yake, tunaanzia kulia. Jibu 11,058 likatoka bila maelezo marefu.

Mama Vitenge

Mimi si mwalimu, nauza vitenge Kariakoo, ila nina jambo kuhusu lugha yetu na sijaona aliyeligusa.

Mwanangu alisomewa imla ya namba darasani: "elfu kumi na tano, toa elfu tatu mia sita." Yeye akaandika 10,005. Jirani yake 15,000. Majibu yakawa 6,405 na 11,400, wakaambiwa mmoja kakosea kutoa. Hakuna aliyekosea kutoa! Sikilizeni wenyewe: "elfu kumi, na tano" au "elfu, kumi na tano"? Sisi watu wazima tunaelewa kwa mazoea na kwa pale sauti inapopumzika. Mtoto wa miaka tisa atajuaje?

Nyumbani tumekubaliana hivi: 15,000 tunaisoma "kumi na tano elfu", na 10,005 "elfu kumi, sifuri mia, sifuri kumi, na tano" mpaka azoee. Inachosha, najua. Lakini ile "sifuri mia, sifuri kumi" ndiyo iliyomfundisha kwamba sifuri imeshika nafasi ya mtu. Sokoni tunasema laki na nusu, laki mbili unusu, na watoto wetu wanasikia. Ni utajiri wa lugha, nisingependa tuuache, ila kwenye kupanga hesabu lazima mtoto ajue laki inakaa nguzo ya ngapi.

Mzee wa Hamburg

Mama Vitenge umenigusa. Huku Ujerumani wanangu wanaanza na mamoja wakitaja namba: 43 wanasema "tatu na arobaini". Mkubwa wangu kila akisikia 43 alikuwa anaandika 34, halafu anatoa vizuri kabisa kutoka kwenye namba isiyo yenyewe. Nilichofanya ni kumtaka aseme kwanza kwa Kiswahili, arobaini na tatu, kisha aandike. Kwa Kiswahili tunaanza na makumi, kama inavyoandikwa. Alipofika kwenye maelfu nikamwonya na kuhusu alama: huku elfu nne na tatu inaandikwa 4.003, kwa nukta, na nyumbani ni 4,003.

Mwl. wa Tuisheni

Tatizo kubwa kwa wanafunzi wangu ni sifuri zikifuatana. 4,003 − 1,578. Wanaenda makumi hakuna kitu, mamia hakuna kitu, wanafika maelfu, na wakirudi wamesahau walikotoka. Vijiti vya Mwalimu wa Kijijini ndiyo msingi, sibishi. Akishaelewa, mpe na hii.

Mwulize: kwenye 4,003 kuna makumi mangapi? Wengi watasema sifuri. Hapana. Nafasi ya makumi imeandikwa sifuri, lakini makumi yaliyomo ni 400. Elfu moja ina makumi 100, nne zina 400. Ukichenji kumi moja yanabaki 399, na mamoja yanakuwa 13. Kwa hiyo unakata 400 kwa mpigo, unaandika 399. Kumi na tatu toa nane, tano. Tisa toa saba, mbili. Tisa toa tano, nne. Tatu toa moja, mbili. 2,425.

Binti mmoja alipoliona hilo alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo 5,203 ina mamia hamsini na mawili?" Nilifurahi kuliko siku yoyote ya mitihani, kwa sababu hilo sikumfundisha.

Kwa namba kama 5,000 − 2,368 kuna njia nyingine: punguza moja kila upande, inakuwa 4,999 − 2,367, jibu 2,632, na hakuna kuchenji hata mara moja. Lakini msiitangulize. Asiyejua kwa nini tofauti haibadiliki ataitumia pasipotakiwa.

Mwalimu wa Dodoma

Darasa la sita mimi huwapa sensa. Mwaka 2012 tulihesabiwa 44,928,923. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Tumeongezeka wangapi? Humo wanachenji mara sita, na nawaambia wahesabu hizo mara wenyewe. Jibu 16,812,197.

Kabla ya kugusa kalamu kila mmoja anakadiria: milioni 62 toa 45, karibu 17. Akipata milioni 23 kwa kugeuza tarakimu anajua papo hapo kwamba kuna tatizo. Na wakimaliza wanajumlisha jibu na 44,928,923, lazima 61,741,120 irudi. Ukadiriaji huo ungemsaidia na mwana wa Mama Junior: elfu tano toa karibu elfu tatu, inakuwaje ibaki elfu tatu na nusu?

Sitawaficha, kuna watoto wa darasa la sita ambao nawarudisha kwenye vijiti. Hawaoni aibu, kwa sababu naanza mimi mwenyewe kukaa chini.

Mama Junior (Moro)

Nimerudi. Asanteni sana, nimesoma mpaka usiku.

Jana sikuwa na vijiti elfu, nikatumia njiti za meno. Pakiti kadhaa, raba za nywele za dada yake, na mfuko wa rambo ukawa kiroba. Kufunga peke yake kulichukua saa nzima na Junior alikataa nisimsaidie. Nikamwambia anipe njiti moja kutoka kwenye mfuko. Kwanza akataka kutoboa mfuko! Nikamzuia. Akafungua, akatoa bunda, akafungua, akatoa fungu, akasimama na raba mkononi akaniambia, "Mama, kumbe ile moja yangu ilikuwa elfu."

Leo nikampa 7,010 − 4,365 bila njiti. Mamoja akachenji kumi lililokuwepo, akapata tano. Kwenye makumi akasimama: sasa ni sifuri, na mamia nayo sifuri. Nikamwona anasogeza vidole hewani kama anayefungua mfuko. 2,645. Kisha akarudi mwenyewe kwenye lile swali la 5,203, akalifuta, na sasa anaomba njiti nyingine za kujaza mifuko minne iliyobaki.

Mwalimu wa Kijijini, mabunda ya njiti za meno yanateleza sana kwenye raba. Kamba ya katani uliikata urefu gani?