Naomba ushauri: katuni za zamani zinaliwa na mchwa

Wakuu habari za jioni, niko Tabora hapa Cheyo. Nimefungua sanduku la bati la marehemu mzee nikakuta magazeti ya katuni ya Sani ya enzi zile, wahusika wake kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wote wamo, aisee nimecheka peke yangu kama chizi! Tulikuwa tunayasubiri yaje na treni toka Dar, moja linasomwa mtaa mzima mpaka gamba linachomoka. Sasa mchwa washaanza kula pembeni na kurasa zimegandana. Nilirusha picha moja kwenye grupu la familia watu wakavunjika mbavu, ila simu inaleta kivuli maandishi hayasomeki. Hizo kurasa nazibanduaje bila kuchanika, na nipeleke stationari wakaskani au nikomae na simu tu?