Mwanangu yuko kidato cha tatu mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na hajawahi kuvua ganda la waya. Huu ni ufundi gani?

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, nasema mapema ili asije mtu kuniambia nipunguze jazba. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na nyuzi za ada, hili ni jambo jingine.

Jumamosi soketi ya sebuleni ilianza kunuka. Kijana wangu yuko likizo, anasoma umeme katika sekondari ya serikali yenye mkondo wa amali. Nikazima meni swichi mwenyewe, nikampa soketi mpya na kipande cha waya, nikamwambia funga. Akachuchumaa. Akaugeuzageuza ule waya, kisha akaupeleka mdomoni akaanza kuvua ganda kwa meno. Nikamzuia. Nikamuuliza, shuleni mnavulia nini? Akanijibu bila kunitazama, "Baba, shuleni hatuvui. Tunachora."

Akaniletea daftari. Sakiti ya taa ya ngazini, swichi mbili taa moja, ameichora kwa rula: laivu kahawia, nyutro bluu, ithi kijani na njano. Sehemu zote tatu za kufungia waya nyuma ya swichi kaziandika, hakukosea hata moja. Anajua waya wa saizi 1.5 ni wa taa na wa 2.5 ni wa soketi. Mwalimu kampa 18 kati ya 20. Tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, hajawahi kuishika.

Ndugu zangu, huyu mtoto si mvivu wala si mjinga. Kaibiwa miaka miwili na nusu.

Nayasema haya kwa sababu na mimi nilipita sekondari ya ufundi, miaka ya themanini. Enzi zile ukitaja Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru au Iyunga, mtu alijua unatoka huko mikono imeota sugu. Kidato cha kwanza kila mmoja wetu alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa atoe nyundo. Wiki kwa wiki unasugua kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani. Mwalimu anakuja na skwea ya kupimia unyoofu, anaiweka juu ya chuma, anainua kuelekea dirishani. Akiona mwanga unapenya, unarudi kwenye jiliwa. Nilirudishwa mara nne. Mwisho tukakichoma kikawa chekundu, tukakizamisha kwenye oili. Nyundo ile ninayo mpaka leo, na hiyo Jumamosi ilikuwa mezani palepale mtoto alipokuwa anatafuna waya.

Sasa mtaniambia serikali imeamua kurudisha ufundi. Najua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, nimeisoma, na Januari 2024 mtaala mpya ulipoanza kidato cha kwanza na mkondo wa jumla ukatenganishwa na wa amali, mimi ndiye niliyemshawishi mtoto achague amali. Mama yake alitaka sayansi. Nikamwambia hapana, mtoto atoke na kazi mikononi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kikao cha wazazi cha mwezi wa tatu nilizunguka nyuma ya madarasa nikachungulia karakana kwenye dirisha. Kufuli mlangoni lina kutu. Ndani mashine zipo! Mashine ya kukereza iko na nailoni yake, vumbi juu ya nailoni, popo wameshaifanyia yao. Nilipouliza kikaoni nikaambiwa umeme wa njia tatu haujavutwa. Sawa, mashine kubwa inahitaji njia tatu. Je, bisibisi nayo inahitaji njia tatu? Ubao wa mbao wenye swichi mbili, holda na mita tano za waya unahitaji njia tatu? Hakuna aliyenijibu, tukahamia ajenda ya uzio.

Na pesa tumetoa. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sisi wa amali tuliombwa elfu sitini kila mzazi "kwa ajili ya vitendo". Hakuna control namba wala stakabadhi, mkononi tu. Nilitoa kwa moyo, kwa sababu najua hesabu ilivyo: ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ni Sh. 25,000 kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu. Mtoto wa historia anaweza kusoma kwa chaki na kitabu. Mtoto wa umeme anakula waya, kila zoezi linakata waya, na roli moja tu inameza ruzuku ya watoto kadhaa. Anayepanga mkondo wa amali kwa bajeti ya chaki anajua kabisa kwamba watoto wataishia kuchora. Ila sasa hizo elfu sitini zetu ziko wapi? Darasa lina watoto 48. Pigeni hesabu wenyewe, mniambie kama haitoshi kununua plaizi kumi.

Mwalimu wa umeme simlaumu. Yuko mmoja, anafundisha na hisabati vidato viwili, na mwanangu anasema tesita pekee wanayoiona darasani ni ya kwake, anaiinua juu wote waione kisha anairudisha mfukoni.

Ofisi ya elimu wilayani nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza afisa yuko semina, mara ya pili nikaambiwa niandike barua. Nimeandika.

Hawa watoto ndio wa kwanza, mwaka 2027 wanamaliza kidato cha nne. Wataitwa mafundi. Mtu atawafungulia nyumba yake, na nyumba yenye umeme haiulizi ulipata 18 kati ya 20.

Jana nimetoa fomu ya kujiunga aliyopewa kidato cha kwanza, nikaisoma upya. Jembe, fyekeo, ndoo, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Kifaa cha ufundi hakuna hata kimoja.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Plaizi yangu na tesita nimemwekea kwenye tranka chini ya madaftari, na wiki hii kila jioni tunafunga na kufungua soketi ileile. Wenye watoto amali mikoa mingine, naomba mniambie: kwenu karakana inafunguliwa? Na mchango mlitoa shilingi ngapi?